Bustani ya maua ya mama isigeuzwe sakafu ya saruji

 

Leo napenda tuzungumze jambo ambalo ni nadra kuzungumzwa katika ukurasa huu, nalo ni bustani ya maua. Sikusudii bustani za hoteli, wala zile za katikati ya barabara zinazomwagiliwa na manispaa. Nakusudia ile bustani ya kando ya nyumba ya shamba, iliyopandwa na mama au bibi bila ya ramani wala fundi: mwasumini umetambaa juu ya ua wa makuti, mrehani umeota karibu na mlango wa jikoni, mkilua uko nyuma ya kisima, mlangilangi unamwaga maua yake ya manjano njiani, na pembeni pana mwaridi mmoja ambao hakuna anayekumbuka uliletwa na nani. Wengi tuliozaliwa katika mwambao huu tulilelewa katika harufu hiyo kabla hatujajua kusoma alifu.

Najua wapo watakaosema: “Sheikh, watu wanahangaika na ada za shule, bei ya unga na kodi za nyumba, nawe watuletea habari za maua?” Nawaomba wastahimili kidogo. Jambo hili lilinijia kwanza kama swali la kisharia, na lilipokuja liliwaweka watoto wa mama mmoja pande mbili, hawasemezani.

Familia hiyo ni ya wilaya ya Muheza. Mama yao amefariki; baba yao yu hai, naye ni mzee aliyekwishapita miaka sabini. Vijana watatu wa kiume wanafanya kazi mjini, na walikuwa wamechanga fedha ili sehemu yote ya mbele ya nyumba isakafiwe kwa saruji, wapate pa kuegesha magari wanapokuja siku za Idi, na kwa upande wajenge vyumba vinne vya kupangisha. Sehemu hiyo ndiyo bustani ya marehemu. Dada yao mkubwa alikataa, maneno yakawa makali, hatimaye wakaafikiana waje kuuliza. Maswali yao yalikuwa mawili. Je, kung’oa maua ya marehemu kuna dhambi? Na je, ikiwa mama alikuwa akipata thawabu kwa miti ile, thawabu hizo zitakatika?

Swali la kwanza jawabu lake si refu. Maua si kaburi wala si mnara, ni mali. Maadamu kiwanja na miti vilikuwa vya marehemu, vimeingia katika mirathi, na kila mrithi ana fungu lake, akiwamo mume, ambaye fungu lake ni robo kwa kuwa mkewe ameacha watoto. Basi hakuna mmoja kati yao mwenye ruhusa ya kukata hata tawi kwa mabavu kabla ya mgawo au kabla ya kupata ridhaa ya wenziwe. Kuwa na fedha za saruji hakumzidishii mtu fungu katika mirathi. Lakini wakikubaliana wote, na wote ni watu wazima, hakuna dhambi.

Hapo ingetosha kufunga kitabu. Hata hivyo nilimgeukia yule mzee nikamuuliza rai yake, kwani tangu waingie alikuwa hajasema neno. Akajibu, “Watoto wakishaamua, mimi nitapinga nini?” Binti yake akasema, “Baba, mwambie Sheikh ni nani anayeyamwagilia.” Mzee akanyamaza. Ndipo binti akaeleza kwamba kila siku baada ya Alasiri baba yake huchota ndoo tatu kisimani, humwagilia mti mmoja mmoja kwa kata, na akisha kumaliza huketi papo hapo mpaka adhana ya Magharibi. Wale vijana, ambao huja mara mbili kwa mwaka, walikuwa hawalijui hilo. Mkubwa wao aliinamisha kichwa.

Niliwaambia hivi: Sharia inawapa haki ya kugawana, lakini sharia hiyo hiyo imewaamrisha wema kwa mzazi, na wema huo hauishii kwenye chakula na dawa. Mzee ambaye amezika mke wa miaka arobaini, na kilichobaki cha mke huyo ni miti minane anayoijua moja moja, akiondolewa miti ile asubuhi moja na vibarua wa kuchanganya zege, atakuwa amenyang’anywa kitu ambacho hakuna karatasi ya mirathi inayokitaja. Wakaenda, wakapima upya. Vyumba vimekuwa viwili, magari yamepewa upande wa nyuma penye mwembe, na bustani imebaki.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo lenye mazingatio zaidi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa Muislamu akipanda mti au akiotesha mmea, kisha akala ndege, au mtu, au mnyama, mpandaji huandikiwa sadaka. Na katika riwaya ya Jabir (R.A.) iliyomo katika Sahihi Muslim, hata kilichoibwa katika mti huo huhesabiwa kuwa ni sadaka ya mwenyewe. Ama kama thawabu hizo hukatika mti unapong’olewa, hazina ya Mwenyezi Mungu ni pana na si kazi yangu kuigawa. Yaliyokwisha kuliwa yamekwisha kuandikwa. Niliwaambia tu wasiwe wao ndio wenye haraka ya kuufunga mlango wa mama yao.

Kijana mmoja kati yao, msomi, akanipa hoja nzuri: “Sheikh, hadithi inazungumzia kinacholiwa. Nani anakula asumini?” Nikamuuliza kama amewahi kukaa mbele ya ua saa moja ya asubuhi akatazama. Nyuki anakula. Chozi, yule kindege mdogo mwenye mdomo wa kupinda, anafyonza utamu wa ua mpaka kichwa chake kinakuwa na unga wa manjano. Vipepeo wanakula. Na huyo nyuki ni yule yule ambaye Sura nzima ya Qur’ani imepewa jina lake, na aya mbili za Sura hiyo, ya 68 na ya 69, zikaeleza jinsi alivyofunuliwa kujenga nyumba na kula katika matunda, kikatoka tumboni mwake kinywaji chenye ponyo kwa watu. Asiyekuwa na ua shambani mwake asishangae akikosa asali, na asishangae pia maboga yake yakikataa kushika, kwa sababu ua la boga halizai mpaka nyuki alichavushe. Hadithi imesema ndege, na ndege huyo hakuwekewa sharti la kula embe.

Aidha, wapo miongoni mwetu wanaoona kwamba kufurahia bustani ni kujishughulisha na dunia, na kwamba mtu wa dini hapasi kuonekana akinusa ua. Rai hii siikubali. Abu Dardaa (R.A.), sahaba aliyejulikana kwa ibada na kuipa dunia mgongo, alikutwa Damascus akipanda mche kwa mkono wake. Mpita njia akastaajabu, akamuuliza vipi afanye jambo hilo ilhali yeye ni sahaba wa Mtume. Akamwambia asimfanyie haraka, kisha akamsomea hadithi ya fadhila za kupanda. Kisa hiki kimo katika Musnad ya Imam Ahmad. Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akiingia katika bustani ya Abu Talha (R.A.) iitwayo Bayruhaa, iliyoelekeana na msikiti wa Madina, akinywa maji yake matamu. Hakusema kuwa kivuli na maji ya bustani ni mambo ya walioghafilika. Na ametuelekeza, kama ilivyo katika Sahihi Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), kwamba mtu akipewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kuibeba na harufu yake ni nzuri. Mtume wa walimwengu wote ametoa uongozi hata kwa shada la majani yenye kunukia, nasi twaona haya kunusa!

Nao upande wa pili wa jambo hili usifichwe. Abu Talha huyo huyo, kama alivyosimulia Imam Malik katika Muwatta, alikuwa akiswali katika bustani yake, akaruka ndege akawa anahangaika kutafuta pa kutokea katikati ya mitende iliyosongamana. Abu Talha akapendezwa, akamfuata ndege kwa macho, alipozinduka hajui ameswali rakaa ngapi. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.) akaitoa bustani ile sadaka. Naye pia ndiye aliyeitoa Bayruhaa, iliyokuwa mali yake aipendayo kuliko zote, iliposhuka aya ya 92 ya Suratu Aal Imran, na Mtume akamshauri awape jamaa zake. Ndugu msomaji, litazame hilo vizuri. Mtu huyu aliipenda bustani yake kwa dhati, na mapenzi hayo ndiyo yaliyoipa sadaka yake uzito. Anayetoa kiwanja kilichomchosha ametoa nini?

Naomba sasa niseme kidogo juu ya kuota ndoto. Kuna watu wengi, hasa wanaoishi mijini katika nyumba za ghorofa, na ndugu zetu walioko Leicester, Toronto na Muscat, ambao wana bustani kichwani. Ukikaa nao watakueleza: “Nikistaafu, nitarudi shamba, nitajenga nyumba ya vyumba vitatu, mbele nitapanda waridi za rangi mbili, pembeni asumini, nitaweka kitanda cha kamba chini ya mlangilangi.” Wanaijua hata njia ya kokoto itapita wapi. Mmoja aliniuliza kama ndoto hizi ni ule urefu wa matumaini unaokemewa na wanavyuoni. Imam Ghazali ameuzungumzia urefu wa matumaini katika kitabu cha mwisho cha Ihya, kinachohusu mauti, na bila shaka ni maradhi: mtu anapanga miaka ambayo hana hati nayo na kuahirisha toba mpaka huko. Lakini ni nini kinachomfanya mtu achimbe shimo, atie samadi, aweke mche mdogo kama kidole, kama si kuliona tayari ua ambalo halipo? Hakuna mkulima asiyeota ndoto. Na kuna hadithi ya Anas, katika Musnad ya Ahmad na katika Adabul Mufrad ya Bukhari, inayomwelekeza aliye na mche wa mtende mkononi, ilhali Kiyama kinasimama, aupande akiweza. Huyo hana muda wa kuuona ukikua, na bado ameambiwa apande.

Kwa hiyo tofauti, kwa rai yangu, iko mkononi. Mwenye ndoto na mche mkononi hana neno. Mwenye ndoto peke yake, mwaka wa ishirini sasa, hana hata mrehani katika kopo la maziwa dirishani, huyo anajidanganya. Ardhi ya babu yake huko kijijini inauzwa vipande vipande na jamaa, na kila kipande yeye ndiye anayetia sahihi, huku akisubiri kustaafu aende akapande waridi. Atazipanda wapi?

Tena kuna fikra iliyotuingia kwamba saruji ni maendeleo na udongo ni ushamba. Mtu akipata fedha jambo la kwanza ni kusakafia ua mzima kutoka ukuta hadi ukuta. Matokeo yake kila mtu anayaona lakini hayasemi. Miezi ya Januari na Februari, jua la kaskazi linapowaka, sakafu ile inakuwa kikaango, na joto lake linaingia ndani ya nyumba hata baada ya Isha. Masika yakinyesha, maji ambayo yangezama ardhini na kurudi kisimani yanateleza moja kwa moja mpaka kwa jirani, na kesi zinaanza. Kisha mwenye nyumba huenda dukani kununua maua ya plastiki, akayaweka mezani yakala vumbi. Sina neno zaidi juu ya maua ya plastiki.

Waliotutangulia hawakuwa na fikra hiyo. Waislamu wa Andalusia, walipojenga Granada, waliweka bustani ya Jannatul Arif kando ya kasri na wakayavuta maji ya mto Darro kwa mfereji ili yafike kwenye maua. Bustani hiyo ipo hadi leo, watu huitembelea. Mwanachuoni wa Seville, Ibn al-Awwam, aliandika mwishoni mwa karne ya 12 kitabu kikubwa cha ukulima kinachoeleza mimea ipatayo 585.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko karibu nasi, nao ni wa Jabal Akhdar huko Oman. Msomaji wa mwambao anaijua Oman kwa mengi, ila huenda hajui kwamba marashi mawaridi, ya namna ile inayonyunyizwa kwa mrashi katika maulidi na harusi zetu, hutengenezwa huko kutokana na mashamba madogo ya waridi yaliyo kwenye ngazi za mawe, mlimani kwenye kimo cha takriban mita 2,000. Huko baridi ya usiku inaifaa waridi. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei familia huamka mapema kuchuma kabla jua halijakausha manukato, wanatia maua katika vyungu juu ya jiko la udongo, na ndani ya chungu huwekwa bakuli la kukinga. Juu hufunikwa kwa chombo chenye maji baridi. Mvuke wa waridi ukigusa ubaridi ule unageuka matone na kudondokea bakulini. Maji ya kumwagilia yanafika kwa mifereji ya kale iitwayo aflaj, na kila mtu ana zamu yake kwa saa. Mifumo mitano ya aflaj ya Oman iliandikishwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba ua hilo halikuwatenga na maisha. Linawalisha, linawafundisha kugawana maji, na wanalifurahia. Huku kwetu waridi ya dukani, ile ya kupeleka hospitali, mara nyingi imekuzwa ili idumu siku nyingi ndani ya chombo, na ukiinusa haina harufu. Waridi moja la shambani la bibi linaishinda kwa harufu hata kama majani yake yameliwa na viwavi.

Na sisi wa Tanga tuna hadithi yetu ya kusikitisha. Mwaka 1892 afisa wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika nchi hii ya Usambara ua dogo la rangi ya urujuani, lenye kitovu cha manjano na majani yenye malaika kama ya mtoto, likiota kivulini juu ya miamba yenye unyevu. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la ukoo wa afisa yule, Saintpaulia. Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia katika jenasi nyingine, lakini kwa watu wa kawaida halijabadilika. Leo ua hilo limo katika madirisha ya nyumba nyingi mno za Ulaya na Marekani. Wapo wanaolifanyia mashindano. Nenda sokoni Tanga uulize ni nani aliye nalo nyumbani. Kule porini kwenyewe aina zake kadhaa ziko hatarini kutoweka kwa sababu ya kukatwa misitu inayolitilia kivuli. Hifadhi ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, inajitahidi kulinda sehemu ya misitu hiyo, na hapo hapo ndipo Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Sisemi watu waende kuling’oa msituni, maana huko ni kuongeza balaa. Nasema tu kwamba wageni waliliota ndoto ua letu wakaliotesha, nasi tukilala juu yake.

Mimea ya akina mama zetu inaelekea njia hiyo hiyo. Ni mabinti wangapi leo wanaojua kutengeneza kikuba, wakajua kwamba rehani peke yake haitoshi bila ya mkadi, au wanaoweza kutunga asumini kwa uzi bila ya kuzivunja shingo? Elimu hii ilikaa kwa wanawake, na baadhi ya waume wanaihesabu si chochote. Mume anampa mkewe fedha za manukato ya chupa bila ya kuuliza, lakini akitaka shilingi chache za mche na samadi anaambiwa ni israfu. Israfu iko wapi hapo? Mwanamke akijipamba kwa ua la uani kwake, ndani ya nyumba yake, kwa ajili ya mumewe, mume huyo ana la kulalamikia?

Israfu ya kweli iko kwenye maji, na hapo nitakuwa mkali. Kijijini ambako watoto wa kike wanatembea na madumu kichwani kufuata maji, si haki mtu afungulie mpira juu ya majani. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi ambacho hakifiki lita moja. Nyumba ya watu sita wanaotawadha mara tano kwa siku, wakikinga maji yale katika beseni badala ya kuyaacha yapotelee msingini, wana ndoo ya bustani bila ya safari ya pili kisimani. Maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu, kwa madhehebu yetu ya Shafii, hayafai kutawadhia tena, lakini ni safi, na mwasumini hauna udhu wa kutengua. Mwagilia asubuhi au baada ya Alasiri, kwenye shina, si juu ya majani.

Pia jirani asidhuriwe. Tawi likivuka ua likaingia kwake na yeye hataki, likatwe, na usimnunie. Makopo na visahani vya chini ya vyungu visiachwe na maji yaliyotuama. Mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, anazaliana katika maji machache kama hayo, hata nusu kikombe kinamtosha. Na ule mti wa maua makubwa meupe yanayoning’inia kama tarumbeta, mzuri wa macho na wenye harufu tamu usiku, una sumu kuanzia mzizi hadi ua. Mwenye watoto wadogo asiupande. Vichaka vya chini vifyekwe, nyoka asipate pa kulala.

Basi kwa anayetaka kuanza, wakati wake ni mwanzo wa masika, mwezi wa Machi au Aprili, au vuli kwa aliyepitwa. Nenda kwa jirani mwenye mwasumini ulionawiri umwombe kipande cha tawi, lisiwe changa la kijani wala kuukuu gumu, lenye urefu wa kama kiganja. Ondoa majani ya chini, uache mawili au matatu ya juu. Kichomeke katika kopo lililotobolewa chini, lenye udongo uliochanganywa na mchanga, uliweke kivulini na uhakikishe halikauki wala halitoti. Baada ya wiki nne hadi sita ukikivuta taratibu kikakataa kutoka, ujue kimeshika mizizi. Mwasumini unapenda jua, kwa hiyo ukiuhamishia ardhini uchague mahali panapopata jua nusu ya siku, utie samadi iliyooza vizuri, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Kila msimu wa maua ukiisha, upunguze kwa mkasi, maana maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Mrehani nao ukate vichwa vyake vya maua mara kwa mara ukitaka utanuke, ila uwaachie nyuki vichwa viwili vitatu.

Watoto wa jirani watakuja kuiba, na hesabu yake mmekwisha kuisoma hapo juu. Ama ninyi wenye mti, matumba yachumwe baada ya Alasiri, yale meupe yaliyovimba lakini hayajafunguka, yawekwe katika sahani yenye matone machache ya maji na kufunikwa kwa kitambaa chepesi. Wakati wa Isha yatakuwa yamefunguka yote.